Panya wa Shilingi 85,000

Kibodi yangu ya kwanza ya kuchezea gemu niliinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000, na kilichonivutia, nakiri, ni taa zake, zilizowaka rangi zote kama basi la mikoani usiku. Chini ya taa hizo hapakuwa na kitu zaidi ya utando mmoja wa mpira uliotandazwa chini ya vitufe vyote. Baada ya miezi mitatu herufi W, A, S na D zilikuwa zimefutika, lakini hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni kwamba mshambuliaji wangu alikuwa akiingia kwenye boksi kwa kasi, akikimbia mshazari, nami nikibonyeza apige, yeye anaendelea kukimbia hadi nje ya uwanja. Fundi mmoja alinieleza kwamba vitufe vya kibodi za namna hiyo vimeunganishwa kwa njia za umeme zinazokatizana, hivyo ukibonyeza vitatu au vinne kwa pamoja, kibodi inachanganyikiwa na kukipuuza kimojawapo. Kwangu mimi kilichopuuzwa siku zote kilikuwa kile cha kupiga shuti.

Safari ya pili nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Nilitaka kibodi ambayo kila kitufe kina swichi yake na springi yake, za mtindo ule ambao kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kuutengeneza miaka ya 1980, na ambao viwanda vya China viliuiga kwa bei nafuu baada ya muda wa hataza kumalizika. Swichi kama hizo hutangazwa kuwa zinahimili kubonyezwa mara milioni 50. Nilipiga hesabu palepale kaunta: hata nikiibonyeza W mara 10,000 kila siku, itanichukua zaidi ya miaka 13 kuimaliza, ilhali kodi ya chumba nalipa kwa miezi mitatu mitatu.

Muuzaji alinipa chaguo la swichi nyekundu au bluu, kwa bei ileile ya shilingi 85,000. Nyekundu, alisema, inashuka laini bila kelele, na bluu inagota kidogo katikati na kutoa mlio. Mimi ni mtu wa Yanga tangu utotoni, na sikuwa tayari kuweka kitu chekundu mezani kwangu. Nilichukua bluu, lakini si kabla ya kuikagua kama bwana harusi anayehesabu mahari: nilizikwangua herufi kwa ukucha zisitoke, nikaipinda kuona kama inalia, nikabonyeza vitufe sita kwa pamoja kwenye kompyuta ya dukani na vyote vikaitika. Mlio wake sikuusikia, kwa kuwa nje ya duka wamachinga watatu walikuwa wakinadi soksi kwa vipaza sauti.

Nyumbani nilivaa hedifoni, na kwa wiki mbili nilifunga mabao ambayo sijawahi kuyafunga.

Katika wiki hizo hizo nyumba yetu ya vyumba sita iliingiliwa na panya. Mama Zuhura, ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, alisema wanaanza kutafuna mbao saa nne usiku na kuacha saa nane, tena wanatafuna kwa hasira. Mzee mwenye nyumba alipitisha mchango wa shilingi 3,000 kila chumba kwa ajili ya sumu na mitego. Mimi nilitoa 5,000, nikaongeza na hotuba fupi kuhusu panya wa siku hizi kukosa adabu.

Usiku wa tatu wa mitego nilikuwa nimefungwa mbili bila, nikivipiga vitufe kwa nguvu zangu zote, nilipohisi mwanga wa tochi shingoni. Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee, kashika fimbo, na mlangoni Mama Zuhura na paka wake. Walikuwa wamebisha hodi mara nyingi mno.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikivua hedifoni.

"Kumbe panya mwenyewe ana miguu miwili," akajibu, bila kuipokea shikamoo yangu.

Niliamriwa kuwarudishia wapangaji watano michango yao, jumla shilingi 15,000. Kwa bahati kibodi ile ni ya aina ambayo swichi zake huchomolewa bila kuyeyusha risasi ya kuchomelea, hivyo nilinunua seti ya nyekundu kwa shilingi 40,000 na kuzibadilisha zote 87, mojamoja, huku nikiomba radhi kwa Jangwani yote.

Usiku huo nilicheza bila hedifoni, ili niufaidi ukimya niliokuwa nimeulipia. Kwenye saa tano hivi kitu kilikimbia juu ya dari kutoka mlangoni hadi dirishani, kikasimama, kikaanza kutafuna mbao. Nilitoka mbio hadi dirishani kwa mwenye nyumba.

"Hodi, mzee! Panya! Wako juu ya dari!"

Kitanda kililia kidogo ndani.

"Zima kibodi yako ulale," akasema.