Tuktuk Yangu Ina Mdomo

Mkopo wa tuktuk nimeumaliza mwezi wa kwanza. Miaka mitatu nimelipa, wale wa chama wakinipigia simu mpaka kitinda mimba wangu akajua kuwajibu mwenyewe: "Baba ameenda msikitini, simu ameiacha." Saa nne asubuhi, msikitini! Basi nikamaliza. Nikanunua kilo ya mbuzi, mama watoto akapika pilau, tukala kama watu. Sijachokonoa meno, redio inasema zama za petroli zinakwisha, dunia inahamia umeme, na asiyehama atabaki amekalia chuma chakavu.

Mimi sina ugomvi na umeme, jamani. Umeme ndio uliokataa kunizoea.

Ninakaa Maweni, hapa Malindi, nyumba ya vyumba sita na mita moja. Mita yenyewe iko chumbani kwa mwenye nyumba, Bi Mkubwa, ukutani juu ya mto wake, kwa hivyo yuniti zilizobaki anazijua yeye na Mungu. Kila Jumamosi jioni hupita mlango kwa mlango na kopo tupu la mafuta ya kupikia, akikusanya za tokeni, mia mbili kila chumba. Ukilipa unapata taa moja, simu moja, na redio kwa sauti anayoitaka yeye. Pasi ya umeme katika nyumba ile ni haramu kama nguruwe. Koili ya kuchemshia maji ndiyo usiitaje kabisa. Kuna mwalimu alifukuzwa kwa ajili ya koili, na mpaka leo Bi Mkubwa akimtaja husema "yule mwizi". Shati langu la Idi nalinyoosha chini ya godoro.

Sasa nyumba hiyo ndiyo niiletee tuktuk ya umeme, ilale ikinyonya usiku kucha. Mlangoni haipiti. Italala nje, penye ukuta wa msikiti inapolala hii ya sasa, na waya utoke chumbani kwangu, upite dirishani kwa jirani mwenye mapacha, uvuke mtaro, upite chini ya kamba ya nguo. Na Bi Mkubwa ana mbuzi. Mbuzi wale wanatafuna mifuko ya saruji, sembuse waya.

Msidhani nazua. Tulishaonja. Chumba cha nne kuna kijana wa bodaboda, tunamwita Kimya, kwa sababu alikuja na pikipiki ya umeme isiyosikika. Zipo pikipiki za aina hiyo ambazo betri hubadilishwa kituoni, unaacha tupu unabeba iliyojaa, kama mtungi wa gesi. Ya Kimya ni ya kuchomoa jioni na kwenda kulala nayo. Betri kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, na uzito ni huo huo.

Basi tokeni za kutufikisha Jumamosi zikaanza kuishia Jumatano. Mita inalia ti-ti-ti usiku wa manane juu ya kichwa cha Bi Mkubwa. Wiki ya kwanza akamshuku mwenye mapacha. Wiki ya pili akanishuku mimi, akaja kunusa shati langu kama limepigwa pasi. Wiki ya tatu akaitisha kikao uani saa sita usiku, sisi na vikoi vyetu, yeye na tochi. Akapita chumba hadi chumba akigusa soketi kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Chumba cha nne akasimama. Akarudi akaigusa tena. Akainama, akainua ncha ya kanga iliyoning'inia kitandani. Kule chini, juu ya mkeka, betri imelala, kitaa chekundu kinakonyeza, chaja inavuma kama paka aliyeshiba.

"Huyu mgeni wako," akasema Bi Mkubwa, "ana muda gani hapa?"

"Wiki tatu, Bi."

"Na kodi analipa?"

Siku hizi Kimya anahesabiwa watu wawili. Imeandikwa kwenye daftari la nyumba.

Mimi nilijaribu kumtetea. Nikamwambia Bi Mkubwa kwamba tangu 2023 kuna bei maalum ya umeme wa kuchajia magari na pikipiki, shilingi 16 yuniti, na usiku watu wakilala ni 8, kabla ya kodi na makato. Akanitazama sana.

"Hiyo nane iko wapi?"

"Inataka mita yake, Bi. Mita maalum."

"Ukutani kwangu?"

Nikanyamaza. Juu ya mto wake pana nafasi ya mita moja na picha ya Makka.

Na hili ndilo linaloniudhi katika mjadala wote huu. Redioni wanajadili magari, wanajadili viwanda, wanajadili hewa. Sijasikia hata mmoja akijadili soketi. Anayezungumza ana nyumba yake, ana geti, ana ukuta wake wa kuchomeka anachotaka. Sisi wapangaji wa mita moja kila mwenye simu mbili ni mshukiwa.

Ukitaka kuyajua haya mambo vizuri nenda baraza la kahawa, Shela, baada ya magharibi. Kuna mzee mmoja mstaafu wa forodha, redio haimtoki sikioni. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba Ulaya walipitisha sheria 2023, ifikapo 2035 gari jipya la kutoa moshi lisiuzwe tena. Waingereza walisema 2030, mwaka huo huo wa 2023 waziri mkuu wao Sunak akasogeza hadi 2035, serikali iliyofuata ikarudisha 2030. Wanaichezea tarehe kama bwana harusi asiye na mahari. Ethiopia ndio hawakutaka maneno, 2024 wakafunga mlango: gari la petroli lisiingizwe nchini.

"Na sisi?" nikauliza.

"Wewe hujalazimishwa," akasema mzee. "Wewe unafinywa."

Akahesabu kwa vidole, kikombe cha kahawa kikiwa mkono wa pili. Sheria ya fedha ya 2023 iliipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Sheria hiyo hiyo, karatasi zile zile, ikaziondolea pikipiki za umeme VAT. Mkono huu kofi, mkono huu peremende. Ilipofika Septemba petroli imevuka shilingi 200 lita. Halafu Julai 2024 tozo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita.

"Tena sikiza," akasema. "Mkishahamia umeme nyote, hizo ishirini na tano za barabara watazitoa wapi?"

Tukatazamana.

"Kwenye tokeni," akajijibu, akamaliza kahawa yake. Kashata ikanikwama kooni. Nilimwona Bi Mkubwa na lile kopo.

Abiria nao wana maoni, bure kabisa, na nauli wanapunguza. Nilimchukua mama mmoja wa Kitaliano kwenda Casuarina. Malindi Waitaliano ni jirani zetu siku nyingi, sisi wa tuktuk Kitaliano kinatutoka kuliko Kiingereza, basi nikamchokoza: kwenu vipi na hii habari ya umeme? Laiti ningenyamaza. Mikono yote miwili ikapaa, nikadhani ameona nyoka. Italia haikuipigia ile sheria kura ya ndiyo, akasema, na yeye atazikwa na Fiat yake. Tukalaani serikali mbili kwa pamoja mpaka getini kwake. Akanilipa bila kubishania bei, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi.

Msiniambie petroli naipenda. Petroli inaninyanyasa. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, hutangaza bei mpya, na jioni hiyo vituo vyote vinajaa sisi, tunasubiri kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Ikipanda, tunakimbilia kujaza kabla ya saa sita usiku. Kujaza nasema kwa heshima tu. Mimi huweka ya mia tatu asubuhi na ya mia tatu adhuhuri, kama dawa. Tangi langu halijawahi kujaa. Likijaa leo naogopa litapasuka kwa mshangao.

Lakini angalau petroli naiona. Stima inaondoka bila kuaga. Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, hata uwanja mkuu wa ndege Nairobi, wageni wanatafutana kwa tochi za simu. Ijumaa iliyofuata, tarehe 1 Septemba, Rais Ruto yuko Mombasa anazindua pikipiki za umeme. Wiki moja! Hata eda haijaanza kuzoeleka. Wanasema umeme wetu ni safi, karibu sehemu tisa kati ya kumi ni mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua, na hilo nakubali, maana jua lenyewe wanalivuna hapa hapa Langobaya, megawati 40. Jua letu. Linapanda nguzo, linapita juu ya vichwa vyetu, na sisi huku chini tunagombania nani aliacha taa ya choo.

Sasa nifike penye kidonda.

Tuktuk yangu ina mdomo. Haijaingia mtaani, mtaa umeshajua. Mama watoto akiisikia kwenye kona ya kinu cha kusaga huteleka maji ya ugali. Nikizima injini, maji yanatokota. Abiria wangu wa Ngala hatoki nje kunitafuta, hunisikia akiwa bado anasaka kiatu. Kimya hana bahati hiyo. Alikaribia kumgonga yule mzee wa forodha kichochoroni, mzee hakusikia kitu, tangu siku hiyo akipita penye watu lazima aimbe. Sauti yenyewe hana. Watu wanampisha kwa uchungu.

Ila mdomo huo huo ndio unaoniponza. Ami wa duka la pale kona naye ana masikio. Nina deni kwake, elfu tatu mia nne na hamsini: unga, mchele, sabuni ya kipande, viberiti, na dawa ya kichwa niliyoinunua kwa ajili ya kufikiria deni. Akiisikia tuktuk huweka mizani chini, hutoka, husimama katikati ya barabara mkono juu kama askari wa trafiki. Tena mpole! Hapigi kelele, hatukani. "Karibu, baba," anasema, na daftari linafunguka lenyewe penye ukurasa wangu.

Nikabuni njia. Nikifika msikitini nazima injini, nateremka, naisukuma kwa mkono mpaka nivuke duka, halafu naiwasha mbele. Kilo zaidi ya mia tatu, ndugu zangu, kwa ndara. Na ni katika kusukuma huko, jasho limenijaa machoni, ndipo nilipoiona faida ya umeme ambayo waziri hajawahi kuitaja. Kimya anapita pale dukani mara kumi kwa siku. Amekaa wima, kapoa. Hata Ami mwenyewe nilimwona amemsimamisha akimwuliza maswali, anaizunguka pikipiki, anainama kusikiliza injini iko wapi. Nikadhani anataka kumwuzia sabuni.

Usiku ule nikamwita Kimya uani, kwa siri, maana nimeshazitukana hizo mashine mtaa mzima. Unapataje? Kwa mkopo, kaka, akasema, unalipa kidogo kidogo kila siku. Na ukichelewa? Wanaizima kwa mtandao, wao wako Nairobi, inakufia hapo hapo ulipo na abiria wako. Hilo likanipoza. Ami na upole wake, mkono wake haufiki Mambrui. Hata hivyo sikulala vizuri. Nilikuwa napiga hesabu ya Bi Mkubwa: tuktuk ataihesabu watu wangapi? Ina viti vinne.

Juzi Jumatatu, saa moja na nusu jioni, nikafanya kama kawaida. Msikitini nikazima. Nikateremka, nikaweka bega. Duka taa inawaka, mizani ipo, Ami hayupo kwenye kiti chake. Alhamdulillahi. Nikasukuma kwa nguvu mpya, nikalipita duka, nikaupita mti wa mkungu, tabasamu nilikuwa nalo. Barabara kimya kabisa, nasikia ndara zangu tu.

"Kazi njema, baba."

Nilikaribia kuiachia tuktuk mtaroni. Ami. Begani kwangu kabisa, amepanda pikipiki mpya, inatembea mwendo wangu mimi, haitoi hata pumzi. Daftari kwapani.

"Nimeichukua jana," akasema, akiipapasa shingoni kama punda. "Naichaji dukani, pale nina mita yangu. Haina kelele kabisa." Akalifungua daftari juu ya usukani. "Sukuma tu, usijali. Mimi nakufuata."