Dunia ya Pili? Haya, Tangulieni

Kila baada ya miezi michache habari ni ile ile, kichwa tu ndicho kipya: wanasayansi wamegundua "dunia ya pili". Na picha haikosi, sayari ya buluu yenye mawingu mazuri, imechorwa na msanii ambaye hajaiona, maana hakuna binadamu aliyeiona. Safari hii kanitumia rafiki yangu, mtu na akili zake timamu, na chini kaandika: "Tukishaiharibu hii, tunahamia hapo." Nilicheka. Kisha nikapandwa na hasira, na haijashuka.

Umbali tuumalize haraka. Sayari ya Proxima b, iliyogunduliwa mwaka 2016, inazunguka nyota iliyo karibu na jua letu kuliko zote, na bado ni miaka ya nuru 4 na ushei, yaani nuru yenyewe huchukua miaka hiyo kufika. Chombo cha anga Voyager 1 kimeondoka duniani tangu 1977, kinakata kilomita 17 hivi kwa sekunde, na kwa mwendo huo kingechukua zaidi ya miaka 70,000 kufika. Jirani huyo! Tena ukifika unakuta nyota nyekundu yenye kawaida ya kulipuka na kumwaga mionzi bila kupiga hodi.

Lakini haya, tuseme kesho mtu anatengeneza injini ya ajabu, ya kuifupisha safari iwe ya vizazi kadhaa tu. Wengi wanadhani hapo kazi imekwisha. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza, kwa sababu chombo ni lazima kiwe na hewa, maji na chakula visivyoongezwa kutoka popote, kizazi kwa kizazi. Na jambo hilo tumelijaribu. Hapa hapa duniani.

Mwaka 1991 watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, walijifungia ndani ya jumba la vioo huko Arizona, Marekani, liitwalo Biosphere 2. Lilikuwa na eneo la zaidi ya hekta moja: msitu mdogo, bahari ndogo, mashamba, mbuzi, kuku. Fedha hazikuwa shida. Mpango ulikuwa wakae miaka miwili bila kuingiziwa kitu. Basi hewa ikaanza kupungua. Oksijeni ilishuka polepole kutoka asilimia 21 hivi hadi karibu 14, sawa na kuishi juu ya mlima mrefu bila kutoka nyumbani. Watu wakawa wanahema kwa kupanda ngazi tu. Na mwizi alikuwa nani? Udongo! Waliujaza mboji ili mazao yastawi, vijidudu vya humo vikapata karamu, vikavuta oksijeni na kutoa kabonidioksaidi, na kabonidioksaidi hiyo ikanywewa na zege la kuta, kwa hiyo mimea haikuipata iirudishe kuwa oksijeni. Fikiria wataalamu wote wale, halafu wanaangushwa na mboji na zege.

Mwanzoni mwa 1993 ilibidi oksijeni iletwe kutoka nje. Wadudu wa kuchavusha maua walikufa, mende na sisimizi wakatawala. Watu walikonda kwa njaa, na wale wanane wakagawanyika makambi mawili yasiyosemeshana. Miaka miwili tu, na mlango wa kutokea ulikuwapo muda wote.

Mtaniambia kuhusu Kituo cha Kimataifa cha Anga. Sawa, nakubali, watu wanaishi kule mfululizo tangu Novemba 2000, na siku hizi wanarudisha asilimia 98 ya maji yao, jasho na mkojo vikiwemo. Ni kazi ya heshima. Lakini kiko kilomita 400 tu juu ya vichwa vyetu, na chakula wanapelekewa. Kwenye sayari ya Mirihi nako kifaa cha MOXIE kilitengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ya huko, gramu 122 kwa majaribio yake yote kati ya 2021 na 2023. Napiga makofi. Hazimtoshi mtu mzima mmoja kupumua kwa muda wa saa nne.

Halafu kuna hili, na hapa siweki mzaha. Watakaopanda chombo hicho hawatafika. Watafia njiani, wazae watoto, nao wazae wafie njiani. Mtoto atakayezaliwa katikati ya safari hakuiona dunia hii wala hataiona sayari hiyo mpya. Kazi yake maishani ni kulinda pampu ya hewa na kuzaa kwa ratiba, kwa sababu babu yake aliwahi kufurahia picha ya buluu. Nani alimuuliza?

Kwa hiyo msinitumie tena habari za injini. Nitumieni siku watu watakapojifungia hapa hapa kwa miaka hamsini, wazaliwe watoto humo, wafe wazee humo, na asiwepo wa kuwaletea hata mtungi mmoja wa oksijeni. Siku hiyo nitakaa chini tuzungumze habari za kuhama.