Jiwe limesema uchawi, na wale wamama je?

Hilo kanisa la Bottesford, kule Leicestershire, Uingereza, niliingia nikijua ntaona makaburi ya kifahari tu, nipige picha mbili tatu nisepe. Ukifika mbele karibu na madhabahu unakuta ma-Earl (yani watu wa cheo kikubwa cha Kiingereza) wa Rutland, wanane wote wa ukoo mmoja wa Manners waliokuwa na ngome yao ya Belvoir hapo jirani, wamejazana mpaka unapita ubavu ubavu. Wawili wa mwisho ni marumaru, kazi ya mchongaji Grinling Gibbons, wamevalishwa mavazi ya Kirumi. Kazi safi kweli.

Ila lililoniganda ni la Earl wa 6, Francis Manners, aliyefariki 1632. Kalala na wake zake wawili, na miguuni kuna watoto wa kiume wawili wamepiga magoti, kila mmoja kashika fuvu. Halafu unasoma maandishi, kwamba hao wanawe walikufa wangali wadogo kwa vitendo viovu na uchawi. Nikarudia kusoma. Uchawi, kanisani, umechongwa kwenye jiwe!

Mtoto wa kwanza, Henry, alifariki 1613. Wakaja kukamatwa mama mmoja, Joan Flower, na binti zake Margaret na Philippa, waliowahi kufanya kazi palepale ngomeni na Margaret akawa ametimuliwa, yani kesi ikajengwa juu ya glovu ya mtoto, kwamba waliichukua, wakampapasa nayo paka wao, wakaichemsha na kuitobatoba. Joan alifia njiani wakipelekwa gerezani Lincoln, mabinti wakanyongwa hukohuko Machi 1619. Sasa yule mdogo, Francis, naye alikuwa anaumwa, na akafa 1620. Wachawi wameshanyongwa na mtoto bado hakupona! Na bado wakaenda kuandika vile.

Simsemi baba kwa kulia, kuzika watoto wawili si mchezo. Kinachoniuma ni kwamba mwenye hela ya kumlipa mchongaji ndo neno lake limebaki miaka karibu 400, huku wale watatu hata majina hawakutajwa pale. Na sisi tuliokulia Usukumani tunajua bibi anavyoponzwa na macho mekundu ambayo ni moshi wa jikoni tu, kwahiyo mi siwezi kupita nikasema ni mambo ya kale ya Wazungu.

Wengine watasema ling'olewe. Hapana, liachwe vilevile, huo ni ushahidi. Ila pembeni yake wachonge majina matatu, Joan, Margaret na Philippa Flower, na mwaka walionyongwa wale mabinti, na wasituwekee karatasi ya mezani wala kibao cha plastiki. Iwe marumaru, herufi zikatwe zizame kama zile za Earl, mtu akipitisha kidole azisikie.