Akitolewa Darasani, Wenzake Wanasoma Nini?

Darasa la pili lina watoto tisini na mwalimu mmoja. Kumi wanasoma hadithi bila kusitasita, wengi wanahangaika na silabi, na wapo wasiotofautisha "ba" na "da". Mwalimu anayekimbizana na kitabu huishia kuwafundisha wale kumi. Ndiyo maana msaada wa ngazi tatu unanivutia: somo la wote, kikundi kidogo kwa waliobaki nyuma, kisha mtoto mmoja mmoja kwa yule aliyekwama kabisa.

Lakini kuwatenga watoto kwa alama kunaniogopesha. Nimesikia mno neno "vilaza", na mtoto akishaitwa hivyo hulibeba miaka.

Hata hivyo, utafiti ulioanza 2005 magharibi mwa Kenya ulinilazimu kufikiri upya. Shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Karibu nusu ziligawa watoto kwa alama, zilizobaki ziliwachanganya. Baada ya miezi 18, wa juu na wa chini katika shule zilizogawa walikuwa wamewapita wenzao wa shule zilizochanganya. Mwalimu alianzia pale watoto walipo.

Marekani mambo yalikwenda kombo. Sheria ya elimu maalumu ya 2004 iliupa mpango wa ngazi msukumo mkubwa, lakini tathmini ya 2015 katika shule 146 za majimbo 13 ilikuta jambo la kuumiza: watoto wa darasa la kwanza walioanguka chini kidogo tu ya alama ya kukatia, wakawekwa kwenye msaada, walisoma vibaya kuliko walioponea juu yake. Hili haliwahusu walio chini kabisa, na si haki kulitumia kuwanyima msaada. Ila shule nyingi kati ya hizo zilitoa msaada ndani ya kipindi kikuu cha kusoma. Mtoto alipata kikundi, akapoteza somo.

Kule Kenya hakuna aliyetolewa kwenye somo. Kwangu tofauti kubwa iko hapo, kuliko kwenye ngazi zenyewe. Kwa hiyo naunga mkono vikundi, mradi viwe na saa yake, na watoto wapimwe upya kila baada ya wiki chache ili anayeweza kurudi arudi. Kwa mwalimu wa watoto tisini, hilo linadai mtu wa pili darasani. Bila huyo, akikaa na kumi, themanini wanabaki na ubao.

Mzazi akiambiwa mwanawe ameingizwa kwenye kikundi, asikimbilie kukataa. Aulize kwanza: saa ngapi, na wakati huo wenzake wanasoma nini?