Usiulize draiva, uliza vitufe viko wapi

Mtumiaji wa Linux akitaka kununua kiolesura cha sauti, yaani kile kiboksi cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, swali lake la kwanza huwa lile lile: kina draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta ikielewe kifaa? Zamani swali hilo lilikuwa na maana. Siku hizi linampeleka mtu kuchungulia pasipo na shida, na penye shida anapita bila kutazama. Mimi huuliza jingine: vitufe vya kifaa hiki viko wapi? Viko usoni pake, ambapo vidole vinafika, au vimefungiwa ndani ya programu ambayo mtengenezaji ameiandikia Windows na macOS peke yake?

Nianze na hiyo draiva tuimalize. Vifaa vingi vya sauti vya USB hufuata kanuni ya pamoja iitwayo USB Audio Class. Toleo la kwanza lilitoka 1998, la pili 2006. Kifaa kinachoifuata hujieleza chenyewe kwa kompyuta: nina njia mbili za kuingiza sauti na mbili za kuitoa, napima sauti mara elfu 44.1, 48 au 96 kwa sekunde (yaani kilohezi 44.1, 48, 96). Kompyuta ikishasikia hayo, haihitaji kitu kingine kutoka kwa mtengenezaji. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na draiva moja, snd-usb-audio, iliyomo ndani ya keneli, kiini cha mfumo wa Linux, tangu mashine inapowaka. Toleo la pili la kanuni liliingia kwenye Linux mwaka 2010, ilhali Windows ilingoja hadi 2017. Kwa miaka yote hiyo saba aliyekuwa akihangaika kutafuta draiva ni mtu wa Windows, lakini sifa ya kuhangaika tukabaki nayo sisi.

Dalili ya haraka ni hii: mtengenezaji akisema kifaa chake kinafanya kazi na iPad bila kusakinisha chochote, kuna uwezekano mkubwa sana kitafanya kazi na Linux pia, maana iPad nayo hutegemea kanuni hiyo hiyo. Wapo watukutu wachache wanaokiuka kanuni hapa na pale, na keneli inayo orodha ndefu ya marekebisho kwa ajili yao. Kwa hiyo kama kifaa ni kipya kabisa sokoni, kipe miezi kadhaa kabla hujakitolea pesa.

Sasa tuje kwenye vitufe. Kiolesura kina mambo mengi ya kuwasha na kuzima: geini (kiasi cha kukuza sauti) ya kila njia, umeme wa fantomu wa volti 48 kwa ajili ya maikrofoni za kondensa, kubadili kati ya maikrofoni na gitaa, kiwango cha hedifoni, na ile njia ya kujisikiliza moja kwa moja bila sauti kuzunguka kwanza ndani ya kompyuta. Kanuni ya USB inahakikisha sauti inaingia na kutoka, lakini haihakikishi kwamba utaweza kugusa hayo mengine. Mtengenezaji akiyaweka yote ndani ya programu yake, wewe wa Linux utakuwa na kifaa kinachotambuliwa vizuri sana na kisichoweza kuwashwa fantomu. Mwenye duka atakwambia, na kwa haki, kwamba kifaa ni kizima.

Tazama mfano wa kampuni moja, Universal Audio. Apollo zao zinasifiwa sana na wenye studio, lakini zinaendeshwa na programu na draiva ya kampuni, na kampuni hiyo haijaiandikia Linux. Volt zao, ambazo ni za bei ya chini zaidi, zinafuata kanuni ya USB na zina vitufe usoni, kwa hiyo unachomeka waya unaanza kazi. Jina la kampuni, basi, halikwambii kitu. Inabidi utazame kifaa chenyewe, ikiwezekana picha ya mbele na ya nyuma, uhesabu kila jambo unalotaka kulifanya na uone kama lina kitufe chake. Behringer UMC202HD inapita mtihani huo: geini mbele, kujisikiliza mbele, volti 48 kwa swichi iliyo nyuma. MOTU M2 inapita pia, tena ina skrini ndogo ya kukuonyesha kiwango cha sauti, jambo ambalo watu hulidharau mpaka wazoee kuwa nalo.

Focusrite Scarlett wanastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ndio ambao watu huuliza habari zao kila mara. Kwenye kizazi cha tatu, 2i2 ina vitufe vyake usoni, lakini ukipanda hadi 4i4, kubadili njia iwe ya gitaa ni shughuli ya programu. Kwa miaka kadhaa hilo lingetosha kunifanya niseme usinunue. Kilichobadilisha mambo ni kazi ya Geoffrey Bennett, aliyeandika sehemu ya keneli inayozungumza na vidhibiti vya Scarlett, kisha akatengeneza alsa-scarlett-gui, programu yenye dirisha la kuvionyesha vyote. Kuanzia keneli 6.7 sehemu hiyo huwashwa yenyewe. Kabla ya hapo ulilazimika kuiwasha kwa kuandika mpangilio kwenye faili. Kuna mtego mmoja tu: Scarlett mpya ya kizazi cha tatu hujifanya diski ndogo yenye maelekezo ya kuanzia, na ikiwa katika hali hiyo baadhi ya mambo hayafanyi kazi. Kwenye Solo na 2i2, zima kifaa, bonyeza kitufe cha 48V usikiachie huku ukikiwasha tena, na ile diski itaondoka.

Kwa hiyo sisemi kwamba programu ni dhambi. Nasema usinunue kifaa kwa matumaini kwamba siku moja atatokea mtu wa kukiandikia programu. Nunua ambacho hakimhitaji mtu huyo, au ambacho mtu wake amekwisha kutokea. Hata masasisho ya programu ya ndani ya kifaa yaingie kwenye hesabu, kwa kuwa mengi hutolewa kwa Windows na macOS tu. Njia nzuri ni kuazima kompyuta ya mtu siku kifaa kinapofika, ukakisasisha mara moja, basi.

Kwenye maikrofoni, Linux haihusiki hata kidogo, na hapo ndipo watu wa Linux tunapofanana na binadamu wengine: tunanunua kilichosifiwa badala ya kinachokifaa chumba tulicho nacho. Utasikia kwamba maikrofoni za dainamiki hazinasi kelele za chumba na za kondensa hunasa kila kitu. Maneno hayo yana nusu ya ukweli. Kinachoamua zaidi ni umbali kati ya mdomo na maikrofoni. Ukisogea mara mbili ya umbali, sauti yako inayofika moja kwa moja inashuka kwa takribani desibeli 6, lakini mwangwi wa kuta na mvumo wa feni vinabaki karibu pale pale. Maikrofoni ya dainamiki haisikii kwa wepesi, kwa hiyo inakulazimisha uiweke karibu na kinywa, na ukaribu huo ndio unaosafisha sauti. Kondensa nayo ukiiweka karibu itakutendea vyema. Tatizo ni kwamba inasikia vizuri hata ikiwa mbali, ukajisahau, ukaiweka pembeni ya meza, ukarekodi chumba kizima na wewe ukiwa mgeni ndani yake.

Ndiyo maana kwa mtu wa kuzungumza ndani ya chumba cha kawaida, chenye kuta tupu na sakafu ngumu, nasimama na dainamiki. Shure SM58 imekuwepo tangu 1966 na bado ni jibu la heshima. SM7B, ile nyeusi nene inayoonekana kwenye kila video ya mahojiano, ni nzuri lakini ina sauti ndogo mno: inahitaji geini ya kama desibeli 60, na Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu ina 56. Matokeo yake mtu anafungulia hadi mwisho, anasikia mchakacho wa kifaa, kisha anaambiwa anunue kikuza sauti kingine cha kuweka katikati ya waya. Hapo ameshatumia pesa za vifaa vitatu kupata sauti ambayo SM58 na stendi nzuri ya mkono ingempa. Kabla hujachagua maikrofoni, basi, soma geini ya kiolesura chako kwenye karatasi ya vipimo. Ile namba ya kilohezi 192 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi unaweza kuiruka. 48 na biti 24 zinatosha kwa sauti ya binadamu na zinabaki.

Je, uachane na kiolesura kabisa uchukue maikrofoni ya USB? Kama mko mtu mmoja na kazi ni kuzungumza, mara nyingi ndiyo. Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x zina tundu la USB na la XLR (la waya wa kwenda kwenye kiolesura) pamoja, kwa hiyo unaanza na waya wa kompyuta, na siku ukinunua kiolesura maikrofoni haitupwi. Zote mbili zina tundu la hedifoni la kujisikiliza. Usinunue ya USB isiyo na tundu hilo. Ila mkiwa wawili, msichomeke maikrofoni mbili za USB kwenye kompyuta moja mkadhani mmeokoa fedha. Kila moja ina saa yake ya ndani, na saa mbili hazilingani kamwe; baada ya muda sauti zinaanza kuachana. PipeWire, programu inayosimamia sauti kwenye Linux, inajua kuzivuta zikae pamoja, lakini kiolesura chenye njia mbili na saa moja hakina cha kuvutwa.

Nimetaja PipeWire, na kwa kweli ndiyo inayonifanya niwe na moyo wa kumshauri mtu arekodi kwenye Linux bila kumpa onyo refu. Kabla yake kulikuwa na PulseAudio kwa matumizi ya kawaida na JACK kwa wanamuziki, na vyote viwili viligombea kadi moja ya sauti. Wim Taymans wa Red Hat akaandika kitu kimoja kinachofanya kazi ya vyote, na Fedora 34 ikakifanya cha msingi mwaka 2021, wengine wakafuata. Kuhusu kuchelewa kwa sauti, watu huogopa bure. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulishughulikia, ikiwa ya sampuli 128 kwenye kilohezi 48 ni milisekunde 2.7 tu, na ya 1024 ni kama 21. Mzungumzaji hata hiyo ya 1024 haimdhuru, maana anajisikia kupitia kifaa chenyewe. Anayepaswa kuhangaika ni mpiga gitaa anayepitisha sauti kwenye programu ya kuigiza amplifaya, na yeye apunguze bafa kwanza kabla ya kukimbilia keneli maalumu.

Kuna kero moja ambayo karibu kila mtu hukutana nayo siku ya kwanza na kudhani ameuziwa kifaa kibovu. Umechomeka maikrofoni kwenye njia ya kwanza, umeingia kwenye mkutano wa video, wenzako wanakusikia upande wa kushoto tu, au wanakusikia kwa sauti dhaifu. Kifaa ni kizima. Mfumo umechukua njia zako mbili ukaziona kama stereo: ya kwanza kushoto, ya pili kulia, na kulia hakuna mtu. Kwa baadhi ya violesura, ukiwa na toleo la karibuni la alsa-ucm-conf (faili za Linux zinazoeleza kila kifaa kina njia zipi), njia hizo hutenganishwa zenyewe na utaziona kama maikrofoni mbili tofauti. Kama chako hakimo, tumia moduli ya loopback ya PipeWire utengeneze maikrofoni ya kubuni inayochukua njia ya kwanza pekee, kisha uichague hiyo kwenye programu ya mkutano. Ni mistari michache kwenye faili moja la mpangilio. Kwenye Ardour au programu nyingine ya kurekodi kero hii haipo, kwa sababu kule unachagua njia kwa mkono.

La mwisho ni vifaa vilivyokwisha kutumika, ambavyo binafsi navipenda. Violesura vya zamani vya FireWire, aina nyingine ya waya tofauti na USB, vinauzwa kwa bei ya kutupa, na Linux bado inavihudumia vingi, lakini kompyuta mpya haina tundu lake na adapta zake ni mkufu mrefu wa nyaya. Waachie wapenzi wa vitu vya kale. Cha USB chenye vitufe usoni, hata kikiwa na umri wa miaka kumi, kichukue ukishakijaribu. Zungusha kila kitufe polepole ukiwa na hedifoni masikioni usikilize kama kinakwaruza. Washa volti 48 na maikrofoni ya kondensa uone kama inaamka. Tikisa waya wa USB kidogo pale unapoingia. Kisha andika arecord -l kwenye dirisha la amri la Linux, na jina lake likitokea kwenye orodha, lipa.