Mzee Overton na swali ambalo ningemuuliza

Ukitafuta habari za Richard Overton, askari mweusi wa Marekani aliyepigana Vita ya Pili ya Dunia, kwanza utakutana na moshi. Mzee amekaa kibarazani kwake Austin, Texas, kofia kichwani, sigaa mdomoni. Alivuta hata 12 kwa siku, na kahawa yake ya asubuhi aliitia wiski kidogo. Kila mwandishi aliyepita pale alimuuliza siri ya kuishi miaka mingi. Swali hilo limenichosha. Mtu aliyezaliwa Mei 11, 1906 na kufariki Desemba 27, 2018, akiwa na miaka 112, ana mengi ya kuulizwa kabla hujafika kwenye kahawa yake.

Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta ameshavuka miaka 30, mtu mzima kati ya vijana. Aliwekwa katika kikosi cha wahandisi wa anga, batalioni ya 1887, kikosi cha askari weusi, kwa sababu jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga watu kwa rangi. Alifika Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Hawaii iliyoshambuliwa na Wajapani, meli zikiwa bado zinafuka moshi, kisha akapita visiwa vya Guam, Palau na Iwo Jima. Amri ya Rais Truman ya kukomesha ubaguzi jeshini ilitoka Julai 1948. Overton alikuwa ameshavua magwanda tangu 1945.

Alirudi Texas ileile aliyoiacha, yenye shule na mabasi ya kutenganisha watu. Akajenga nyumba, akaishi humo zaidi ya miaka 70. Ndiyo maana kile kibaraza sikioni kama kichekesho cha mzee na sigaa yake. Kwa mtu mweusi wa zama zile, kukaa mbele ya mlango wako mwenyewe, pasipo mtu wa kukwambia sogea, lilikuwa jambo zito.

Heshima ilikuja, ila kwa kuchelewa mno. Novemba 2013, kwenye makaburi ya askari ya Arlington, Rais Obama alimwomba asimame, naye akasimama, miaka 107 mgongoni. Obama hakuficha kwamba askari huyu alirudi kwenye nchi iliyogawanyika kwa rangi.

Kinachoniuma zaidi kilikuja baadaye. Alipovuka 110 alihitaji mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Familia ikalazimika kuwaomba watu michango mtandaoni ili abaki nyumbani kwake, asipelekwe kwenye makao ya wazee. Watu walichanga kwa moyo, Mungu awabariki, lakini tangu lini matunzo ya askari aliyetoka Iwo Jima yakawa kazi ya wapita njia? Taifa lilimpigia makofi wima, bili ikabaki mezani kwa ndugu zake.

Mwaka 2017 mtaa wake ulipewa jina lake. Ningepata dakika tano na mzee pale kibarazani, nisingegusa habari za sigaa. Ningemuuliza tu: ile siku ya 1945 uliposhuka Texas na sare yako, baba, nani alikuja kukupokea?