Tulieni, Nataka Kuwapiga

Nilipomwambia binamu yangu wa Tanga kwamba nitashinda nikitembea pwani ya Uganda na kamera, alicheka mpaka simu ikakatika. Uganda ina pwani? Nikampigia tena kumwambia inayo, ila haina chumvi.

Nilianzia Kigungu, ile ncha ya Entebbe kwenye Ziwa Victoria, waliposhukia wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki mwaka 1879. Nikapita Bustani ya Mimea, ambako tumbili mmoja alinipekua mkoba kuliko afisa forodha. Asubuhi nzima nilipiga picha za mafunjo, mitumbwi, na sami, wale wadudu wanaopaa ziwani kama moshi wa tanuri. Wawili watatu niliwameza. Hawana ladha.

Saa kumi jioni nikafika mwalo mmoja ambao siutaji, maana sidhani kama nimeshasamehewa. Jua lilikuwa tamu ajabu. Akina mama wanaanika mukene, yaani dagaa, vijana wanashusha sangara.

Hapa lazima niseme nilivyovaa. Kizibao cha kijani chenye mifuko kila mahali, cha kuwekea lenzi. Buti nyeusi. Begani, stendi ya kamera imekunjwa, nyeusi, ndefu. Sasa kumbuka kwamba mwaka 2017 wanajeshi ndio waliotumwa kufanya doria ziwani kusaka samaki wachanga, na sangara asiyefika sentimita 50 ni kesi. Kumbuka pia kwamba kwa wengi huku Kiswahili ni lugha ya kambini. Yote hayo nilikuwa nayajua. Sikuyajumlisha tu.

Nikapaza sauti kwa adabu zote za kwetu: "Hamjambo jamani! Tulieni hapo hapo, nataka kuwapiga!"

Neno "picha" lilikuwa njiani linakuja.

Halikukuta mtu. Vijana waliingia kwenye mafunjo, mmoja akajitosa ziwani na sufuria mkononi. Mtumbwi mmoja ukaondoka na nusu ya watu wake, wengine wakiufuata kwa kuogelea. Mshtuko ukanifanya nibonyeze kamera bila kutaka. Pakabaki bibi mmoja, mukene wake, na lundo la sangara ambao, tusemezane ukweli, hawakuwa wamekua.

"Afande," akasema bibi, "mimi nauza mukene tu."

"Bibi, mimi si afande! Mimi mpiga picha."

Akanitazama kuanzia buti hadi kofia. "Basi mjukuu wangu, siku nyingine sema ebifaananyi, ndiyo picha kwa Kiganda. Kiswahili nilikijulia sokoni Busia. Hawa wamekijulia mbioni."

Tukiwa tunacheka, kalooli watatu, wale korongo wenye vipara, wakatua kwenye lundo. Niliwafukuza kwa stendi. Wavuvi waliochungulia mafunjoni wakaona afande anapigana na ndege, wakazama tena.

Walirudi jua likizama, wakaridhika kwamba mimi ni mjinga tu, kisha wakanidai samaki walioliwa. Nikalipa. Bei, naapa, ilikuwa ya sangara wakubwa. Nilipowaomba sasa wasimame niwapige picha, walisimama kama wako gwaride, mikono ubavuni.

Usiku nikamtumia binamu ile picha niliyobonyeza kwa mshtuko: mchanga mtupu, jua, kandambili moja.

Akajibu: "Maashallah, pwani tulivu hiyo. Watu wake wastaarabu, hawapigi kelele."